Je, naweza kutafsiri orodha ya maneno ya kupima usikivu kwa Kihispania?

SWALI: Ninapima usikivu katika kliniki moja hapa Texas. Wagonjwa wetu wengi ni watu wazima waliozaliwa Mexico, na Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Mkuu wangu anataka tutafsiri orodha ya maneno ya Kiingereza, turekodi, tuanze kazi. Mimi mwenyewe Kihispania nakijua kidogo tu. Inafaa?

JIBU: Haifai, ndugu yangu. Orodha za Kiingereza kama NU-6 zimejengwa kwa maneno ya silabi moja, maana Kiingereza kinayo tele. Kihispania, kama Kiswahili chetu, hupenda silabi mbili: mesa, libro, perro. Ukitafsiri, neno moja litatoka na silabi mbili, jingine nne, na lile refu mgonjwa atalikisia hata akidaka nusu yake. Alama itapanda, sikio ni lilelile.

Hata tarakimu, ambazo wengi huzikimbilia, zina mtego. Kuanzia moja hadi kumi, dos, tres, seis na diez zina silabi moja, sita zilizobaki zina mbili. Akisikia kitu kifupi tu, majibu yameshapungua kutoka kumi hadi manne. Ukizitumia, chukua zile sita peke yake.

Mkilazimika kuunda kipimo chenu, chagueni maneno ambayo hata asiyejua kusoma huyatumia kila siku, na msomaji wa kurekodiwa awe Mmexico. Mtu wa Madrid hutenganisha casa na caza. Mmexico huyatamka sawa, kwa hiyo jozi ya namna hiyo itamfelisha bure.

Kazi yenyewe huja baada ya kurekodi. Wachezeeni rekodi hiyo wenyeji wa lugha wenye masikio mazima, mkianzia sauti ya chini kabisa na kupanda hatua kwa hatua. Mtaona neno hili linashikwa mapema, lile linachelewa. Lipandisheni au lishusheni kila moja desibeli chache, hadi yote yapatiwe nusu ya majibu sahihi kwenye kiwango kimoja. Yanayokaidi, tupeni. Mwanzoni mwa rekodi wekeni mlio wa hezi 1000, ili mpimaji aweke sindano ya odiometa, yaani mashine ya kupima usikivu, kwenye sifuri.

Angalieni pia idadi. Kwa maneno 25, aliyepata asilimia 50 leo anaweza kupata 40 au 60 kesho bila sikio kubadilika. Kwa uamuzi mzito tumieni maneno 50.

Lakini ningekuwa wewe, ningemwomba mkuu anunue kilicho tayari. Kipo kipimo cha sentensi za Kihispania ndani ya kelele, kilichochapishwa mwaka 2012: jina, kitenzi, idadi, nomino na sifa, kila nafasi ikiwa na maneno kumi. Hizo ni sentensi 100,000, hakuna wa kuzikariri. Maneno yakiwekwa kwenye skrini, mgonjwa hugusa aliyoyasikia, nawe huhitaji kuhukumu matamshi yake. Kwenye faili andika lugha na jina la kipimo, maana alama za vipimo viwili tofauti hazilinganishwi.