Barua kwa Mghoi, kuhusu nyumba mbili ulizoniuliza

Mwanangu Mghoi,

Hapa Voi hatujambo, ni joto tu linalotusumbua. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara mbili. Unauliza mhamie ile ya Kitengela, nje ya Nairobi, vyumba vitatu vya kulala kwa 30,000 kwa mwezi, au ile ya South B, karibu na katikati ya jiji, viwili kwa 48,000, maana mwenye nyumba mnayokaa sasa anaitaka nyumba yake mwisho wa mwezi, na Wakio amegoma kulala chumba kimoja na mdogo wake Mwadime. Msichana wa miaka kumi na mmoja, msimlaumu.

Mimi naegemea South B. Ngoja nikuonyeshe ninavyopiga hesabu, kisha muipige tena wewe na Baba Wakio.

Hiyo tofauti ya 18,000 inatisha ukiitazama hivi hivi. Sasa tia nauli. Mwenzako yuko Enterprise Road, wewe uko Upper Hill. Tuseme matatu ya Kitengela ni 150 kwenda na 150 kurudi, na unajua mvua ikinyesha makanga hataji hiyo tena. Nyinyi wawili ni 600 kwa siku. Siku ishirini na mbili za kazi, 13,200. Mkikaa South B yeye anatembea kwa miguu mpaka kazini, na wewe ukitumia 100 kwa siku ni 2,200. Ile 18,000 imeshuka ikawa 7,000. Sijatia basi la shule, wala yale masaa ya kukaa Mombasa Road mkitazama mgongo wa lori. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 inawafaa wenye gari na pesa ya kulipia.

Nilipokuwa nawalea kule mtaa wa Umoja, kazi yangu ikiwa Westlands, nilikuwa natoka mmelala na kurudi mmelala. Jino lako la kwanza kung'oka nililikuta limefungwa kwenye kitambaa juu ya friji. Dada wa kazi ndiye aliyekuwepo. Sikukwambia haya zamani kwa sababu hayakuwa na faida.

Halafu maji. Kitengela wengi wanategemea visima vya kuchimba, na mengi ya maji hayo yana chumvi. Ukifua, sabuni haitoi povu. Ukipika chai, maziwa yanakatika. Birika linaota ukoko mweupe. Sehemu nyingine yana floridi, na watoto wanaokua wakiyanywa meno yanageuka kahawia. Kwa hiyo mtanunua ya kunywa kwa mitungi, na hiyo nayo ni pesa. South B ni maji ya jiji, yanayotoka zaidi bwawa la Ndakaini, na hutolewa kwa zamu. Usimuulize keateka, yule msimamizi wa jengo, kama maji yapo, atakwambia yapo. Muulize yanakuja siku gani, tangi la jengo ni la lita ngapi, na yakikosekana nani analipa boza, lile lori la maji. Kisha ufungue mfereji wa jikoni mwenyewe, uache utiririke, uchote kwa kiganja uonje.

South B nayo ina dosari yake. Mto Ngong uko karibu, na mafuriko ya 2024 hukuyasahau. Muulize mama mboga wa kwenye geti maji yalifika wapi mwaka huo. Huyo hana komisheni. Na kama ghorofa ni jipya, tazama nguzo za chini kabla hujapanda kuangalia makabati. Mimi tangu lile jengo la mtaa wa Huruma liporomoke Aprili 2016 siwezi kuingia bila kuchungulia huko.

Rudi pia saa tatu usiku, siku ya Ijumaa. Mchana kila ploti ni ya kistaarabu. Usiku ndio utasikia kama jirani ni baa au kanisa, na utaona kama kutoka steji mpaka getini kuna taa.

Kuhusu huyo ajenti anayetaka 2,000 ya kukuonyesha nyumba, mwambie utampa ukishahamia. Nakumbuka mwaka ule tuliposhusha vitu kwenye pikapu tukakuta familia nyingine mbili zimeshafika na magodoro, zote zimelipa nyumba hiyo hiyo kwa mtu huyo huyo, na simu yake imezimwa. Baba yako alikaa juu ya sofa, pale barabarani, akacheka mpaka nikakasirika. Pesa iende kwa mwenye nyumba au ofisi inayosimamia jengo, baada ya kuona mkataba.

Mkataba wenyewe uusome wote. Usidhani kuna baraza litakalokuja kukutetea: ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na hizo Nairobi ya leo utazitafuta na tochi. Kilichoandikwa ndicho utakachoshika. Iandikwe notisi ni ya muda gani, kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, na dipoziti inarudi baada ya siku ngapi. Kwetu waliikata yote wakisema ni ya rangi, na kuta tulizikuta zimechorwa na watoto wa watu. Piga picha kila chumba kabla kitanda hakijaingia. Nunua tokeni ya umeme ya 100 siku hiyo hiyo; ikiingia pungufu kuliko ilivyo kawaida, mita ina deni la aliyetoka.

Vyumba viwili vinatosha kwa sasa. Wakio alale na dada wa kazi, Mwadime mumwekee kitanda kidogo kwenu, pembeni ya kabati. Akifika miaka minane mtazungumza mengine.

Nitapanda treni Jumamosi, unipokee Syokimau. Naleta maembe. Usitume hata shilingi kabla sijaonja hayo maji.

Mama yako