Nifute Fasihi nikasomee mashine?

SWALI: Nasoma Kiswahili na Sosholojia, mwaka wa pili. Nataka kazi ya teknolojia ya lugha, lakini hesabu niliishia kidato cha nne. Rafiki ananishauri nifute Nadharia ya Fasihi na Nadharia za Jamii, kisha bumu langu nilipie kozi ya wiki sita ya akili mnemba yenye cheti. Nimsikilize? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Hesabu isikutie hofu. Omba kusoma takwimu katika idara inayoifundisha, jifunze taratibu Python, lugha ya kuandikia programu, aljebra utaikuta njiani. Hilo la kufuta Fasihi ndilo linalonikera, maana naulizwa kila muhula, na nikichimba nakuta aliyelipanda ni mtu anayeuza kozi.

Chukua mfano wa JW300, kopasi (mkusanyo mkubwa wa matini za kufunzia mashine) iliyotolewa mwaka 2019 ikiwa na lugha zaidi ya 300, Kiswahili kikiwamo. Watafiti wengi wa tafsiri ya mashine kwa lugha za Afrika waliitegemea. Matini zake zilitoka kwenye machapisho ya Mashahidi wa Yehova. Mashine iliyofunzwa humo hutafsiri makala za dini vizuri tu. Ipe gumzo la kijiweni, inakujibu kwa lugha ya mimbarini. Na kwa kuwa sentensi za majaribio mara nyingi zilichotwa humohumo, alama za BLEU, kipimo cha ubora wa tafsiri ya mashine, zilipendeza. Hesabu haikuambii kwamba kopasi nzima ina sauti moja. Anayeligundua hilo ni mtu aliyezoezwa kuuliza nani anasema, anamwambia nani, wapi. Ndilo somo unalotaka kulifuta! Baadaye kopasi yenyewe iliondolewa kwa sababu ya haki za matini.

Ukidhani nawapendelea watu wa sanaa, mtazame Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Katika miaka ya 1980 alianza kuunda programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili, naye alikuwa ametafiti maisha ya wafugaji Waparakuyo. Mchanganuo wa namna hiyo hulikata "hawakunipikia" panapostahili, ha-wa-ku-ni-pik-i-a, kwa sababu kanuni za sarufi ziliandikwa na mtu anayezijua. Mifumo mingi ya leo hukata kwa kufuata herufi zinazoandamana mara kwa mara, na mara nyingi kisu hupita katikati ya mzizi.

Nadharia za Jamii nazo usiziguse. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuwa wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma matini za kutisha na kuziwekea lebo, ili ChatGPT isizitoe. Kesho msimamizi wa kazi kama hiyo unaweza kuwa wewe.

Kuhusu wauza vyeti: mwulize mwalimu wa kozi amewahi kufanya kazi na kopasi gani ya Kiswahili, ilikusanywaje, na makosa yake yalikuwa yapi. Akikuonyesha picha za wahitimu wenye majoho, funga simu. Wengine sasa huwaagiza wanafunzi wapakie hadithi walizowarekodi bibi zao, eti ni zoezi la nyumbani. Hapo wewe ndiye unayewalipa ili uwakusanyie data, na bibi hakuombwa ruhusa. Usipakie hata dakika moja ya sauti kabla hujaonyeshwa kwa maandishi itamilikiwa na nani.