Ukimwona Mtoto wa Kazi Ana Jeraha, Usianzie kwa Bosi Wake

Kuna miaka nilikuwa na genge la mboga Temeke, Dar es Salaam. Muuza genge anajua mengi ya mtaa bila kuuliza: nani kashuka kutoka nyama hadi dagaa, nani anamtuma mtoto nazi saa kumi na moja alfajiri.

Mtoto ninayemsema alikuwa msichana wa kazi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa anakuja mkono wa kushoto umeviringishwa kipande cha kanga, mfuko wa nyanya kaubana kwapani ili ahesabu chenji kwa mkono wa kulia. Nikamuuliza. "Nilijimwagia chai, shangazi." Nikamwongeza nyanya moja, nikajiona mtu mwema. Wiki tatu zikapita hivyo.

Siku moja kanga ikamfunguka. Chai haichori. Lile jeraha lilikuwa na ncha mbele na upana nyuma, pasi kabisa.

Hapo nikafanya kosa ambalo ndilo limenifanya niandike haya. Kwa hasira zangu niliwachukua majirani wawili tukaenda kumkabili bosi wake. Alitukaribisha vizuri, akatuletea soda, akatoa na machozi kidogo, akasema mtoto mtukutu lakini anamlea kama wa kumzaa. Tukaaga. Siku nne mtoto hakuonekana gengeni, akawa anatumwa kijana mwingine. Ndugu msomaji, ukimkabili mwajiri kabla hujafika panapohusika unampa nafasi ya kumficha mtoto, kumfundisha la kusema, au kumpakia kwenye basi la kwanza la mkoani. Tuliponea chupuchupu.

Kiongozi mmoja wa mtaa tuliyemwendea alitujibu kuwa hayo ni ya ndani ya nyumba, tuyamalize wenyewe. Nikanywea. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemwekea kila mwanajamii wajibu: ukiwa na taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, ripoti kwa serikali za mitaa. Kwa hiyo usiende pale umeinama kama mtu wa umbea. Na ukijibiwa kama tulivyojibiwa sisi, usirudi nyumbani. Nenda ngazi ya kata au halmashauri, mtaje kwa cheo unayemtaka: afisa ustawi wa jamii. Ukienda polisi, usiishie kaunta ukaanza kusimulia mbele ya watu waliokuja kudhamini ndugu zao. Omba kuelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto. Kama miguu inakuwa mizito, piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto na hailipiwi.

Afisa ustawi aliyelishika suala letu hakuuliza nani mbaya nani mwema. Aliuliza tarehe. Hapo daftari langu la madeni likaokoa jahazi. Bosi yule alikuwa ananunua kwa mkopo, na kwa kuwa ni mbishi wa kulipa, nilikuwa naandika mpaka saa: "Jumanne, saa 11 alfajiri, nazi mbili, kaja binti." Kurasa na kurasa. Sheria hiyohiyo inataka mtoto aajiriwe kuanzia miaka 14, kazi iwe nyepesi isiyomzuia shule, na inakataza kumfanyisha kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Basi andika. Huhitaji kuwa mpelelezi, andika tu ulichokiona kwa macho yako na siku uliyokiona. Mtoto mwenyewe usimhoji kama askari. Akisema, sikiliza. Asiposema, mwache.

Bosi akadai binti ana miaka 16. Mama yake kijijini hakuwa na cheti cha kuzaliwa, ila alikuwa na kadi ya kliniki imetunzwa kwenye mfuko wa nailoni, mtu akaipiga picha akaituma kwa simu. Miaka 13. Ndiyo maana nawasumbua sana wadogo zangu: kadi ya kliniki msiwape watoto kuchezea.

Polisi walitoa PF3, ile fomu yao ya mtu aliyeumizwa, hospitali ikajaza. La kwetu lilikuwa jeraha la wiki kadhaa. Kama mtoto amebakwa au kulawitiwa, mambo ni mengine: usimwogeshe, nguo usizifue, na afike hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake. Wanaokuja na mbuzi na bahasha wakitaka mkae kikao cha ukoo, wape mgongo.

Kuna jambo moja bado linanikera. Sera ya Maendeleo ya Mtoto, ile ya 1996 iliyopitiwa upya 2008, inataja haki za mtoto kuishi, kulindwa, kuendelezwa, kutobaguliwa na kushirikishwa. Hiyo ya mwisho sisi wakubwa huwa tunairuka. Tulikaa kikao kizima, mimi mmojawapo, tukipanga binti arudishwe kwao lini na kwa basi gani, na yeye amekaa palepale kwenye benchi. Afisa ustawi ndiye aliyemgeukia: wewe unataka nini?

"Nataka hela zangu."

Alikuwa amefanya kazi miezi minane. Mshahara alidhani unatumwa kwa mama yake, na mama alidhani binti anawekewa. Hakuna aliyekuwa ameona hata senti.

Akapelekwa kwa familia ya kuaminika, mama mmoja anayeishi kata ya jirani, wakati kesi ya jeraha ikiendelea na hesabu ya mshahara ikifanywa. Hela zililipwa kwa mafungu mawili. Fungu la pili lilipotoka alipita gengeni na mama yake, kanga mkononi haipo, akaniuliza kama bosi wake alimaliza kulipa lile deni la nazi. Nikamwambia bado.