Muulize Fundi: Godoro la springi, topa, na lile bonde la katikati

Barua za safari hii karibu zote ni za kulala. Nimechukua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu sababu ndani yake kuna maswali ya watu wengi.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi na mume wangu godoro letu la springi lina miaka tisa sasa na limefanya bonde katikati, tukipanda tu wote tunaserereka mpaka tunagongana. Yeye ana kama kilo 98 mimi 57 hivyo akigeuka usiku mimi narushwa. Asubuhi naamka kiuno kimekaza mpaka nitembeetembee ndo kinaachia. Muuzaji mmoja kaniambia ninunue topa nene, kile kigodoro cha kutandika juu ya godoro, litakaa sawa, shemeji yangu yeye anasema mwenye mgongo alale kwenye kitu kigumu kama ubao. Nimsikilize nani? Na hizi springi naambiwa ziko aina aina, nachanganyikiwa kabisa. – Mama Mapacha

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kiuno. Kwa bahati mbaya hao wote wawili usiwasikilize, na ntakwambia kwa nini.

Tuanze na topa. Topa inafuata umbo la kilicho chini yake, basi. Ukiitandika juu ya bonde nayo inaingia bondeni, utapata bonde laini. Wiki ya kwanza utaona raha kweli sababu ngozi imekutana na kitu kipya, ila kiuno chako hakibebwi na topa, kinabebwa na springi, na springi zikishachoka hakuna kitu cha kuweka juu kikazinyanyua. Nimefungua magodoro mengi yaliyochoka, ukichana kitambaa unakuta pale katikati springi zimelala na tabaka la sponji juu yake limegandamana limekuwa jembamba, wakati pembeni bado kuna uzima. Miaka tisa kwa godoro la springi si haba, wengi wanahesabu 7 mpaka 10, na kwa uzito mnaouweka ninyi wawili hilo limemaliza kazi yake. Kabla ya kulitoa lakini, liweke chini sakafuni usawa mlale hapo usiku mmoja. Kama bonde limepotea basi mgonjwa ni kitanda, chaga zimepinda au ule mti wa katikati hauna mguu, na hapo utakuwa umeokoa hela nyingi. Bonde likibaki, ni godoro.

Sasa hili la ubao. Hii imani ni ya siku nyingi na imewatesa watu. Kuna utafiti ulifanyika Hispania ukatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2003, watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno wakagawiwa magodoro, wengine magumu wengine ya ugumu wa kati, baada ya siku 90 waliolala kwenye ya kati ndo waliokuwa na nafuu zaidi, kitandani na hata wakati wa kuamka. Na ukifikiria mwili wenyewe utaona inaeleweka, sisi hatujanyooka kama rula, kuna mabega kuna nyonga kuna pale kiuno kinapoingia ndani. Juu ya ubao mabega na nyonga ndo vinagusa, kiuno kinabaki kinaning'inia usiku kucha misuli imekibeba. Juu ya godoro laini mno nyonga inazama na mgongo unapinda kama machela. Unachotafuta ni katikati: nyonga na bega vizame kidogo, kiuno kikutane na kitu.

Na hiyo "katikati" si neno la kusoma kwenye lebo, maana lebo ya kampuni moja ikisema kati ya nyingine ingesema gumu, halafu godoro ambalo wewe wa kilo 57 unalisikia gumu mumeo atalisikia laini. Kwa hiyo nendeni WOTE WAWILI. Linaniuma sana nikiona mtu ananunua kitu cha kulalia miaka nane kwa kukibonyeza na ngumi, au kukikalia dakika moja anachezesha makalio. Vueni viatu mlale, wote kwa pamoja, kwa mlalo wenu wa nyumbani, dakika kumi mpaka robo saa, msione haya. Ukiwa chali pitisha kiganja chini ya kiuno: kikipita huru na nafasi inabaki, hilo gumu kwako, kikigoma kabisa kuingia, umezama, kikiingia kwa kubanwabanwa kidogo, hapo umekaribia. Ukilala ubavu mwambie mumeo akupige picha kwa nyuma na simu, uangalie mstari wa uti wa mgongo toka shingoni mpaka chini kama umenyooka au umefanya upinde. Hiyo picha haidanganyi.

Aina za springi ni hivi. Zile za kizamani zinaitwa boneli, zina umbo la kiuno cha nyigu, nyembamba katikati pana juu na chini, na zote zimefungwa pamoja na waya unaozunguka. Ni imara na bei yake ni nafuu, ila kwa kuwa zimeshikana ukibonyeza moja inavuta jirani zake, ndo maana mzee akigeuka wewe unarushwa. Kuna nyingine zinasokotwa kwa waya mmoja mrefu unaokwenda mstari mzima, tabia yake karibu ni hiyohiyo. Halafu kuna springi za mifuko, wengi wanaziita poketi, kila springi imevishwa mfuko wake wa kitambaa na mifuko ndo imegundishwa, springi yenyewe haijafungwa na mwenzake kwa waya. Ukibonyeza hapa inashuka hapa tu. Wazo lenyewe si jipya, James Marshall, mhandisi aliyehamia Kanada, ndo alikuja nalo karibu mwaka 1900, lilichelewa kuenea sababu kuzivisha springi mifuko kwa mkono ilikuwa kazi ya kutoa jasho na ya gharama, mpaka mashine zilipokuja.

Kwenu ninyi wenye tofauti ya kilo 40 mimi siwezi kuwashauri kitu kingine zaidi ya poketi. Ila muulize mambo mawili matatu. Idadi ya springi, lakini uliza ni kwa saizi ipi, maana 1000 kwenye godoro pana na 1000 kwenye jembamba si sawa, na uliza kama wamehesabu na zile springi ndogondogo fupi wanazozipanga tabaka la juu, maana zinapandisha namba sana na uzito wenu hazibebi. Uliza unene wa waya, poketi nyingi ziko kama milimita 1.8 mpaka 2 hivi, na mumeo anahitaji waya usio mwembamba sana. Kama waya unatajwa kwa geji, kumbuka geji inakwenda kinyume, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Kisha kaa ukingoni kama unavaa soksi, ukingo ukikuangusha ujue na nyie mtakuwa mnaogopa kulala pembeni na mtarudi kubanana katikati.

Kama mkijaribu mkakuta kabisa hakuna godoro moja linalowafaa wote, kuna njia ambayo watu wanaiona ya ajabu lakini inafanya kazi vizuri: magodoro mawili ya upana mdogo kwenye kitanda kimoja, lako laini kidogo lake gumu kidogo, unene ule ule, na juu topa moja pana inayofunika yote na kuziba ule ufa. Hapo ndo topa ina kazi ya maana. Mtalala pamoja na kila mtu na springi zake.

Jambo la mwisho mama, kama maumivu ya kiuno yanashuka mpaka mguuni, au mguu unakufa ganzi, hiyo si kazi ya fundi godoro, nenda kwa daktari usingoje kununua kitu.

SWALI: Habari Fundi. Nimenunua godoro la poketi miezi miwili iliyopita, zuri halina bonde wala kelele, ila mimi nalala ubavu na naamka bega linawaka moto na mkono umekufa ganzi. Nikilala chali niko sawa. Dukani hawarudishi tena. Topa itanisaidia, na ninunue ipi maana kuna sponji ya memori, lateksi, sufu, manyoya? Mimi ni mtu wa joto sana usiku. – Mlala Ubavu

JIBU: Wewe ndo mtu ambaye topa ilitengenezwa kwa ajili yake. Chini kuko sawa, mifupa ya godoro mizima, tatizo ni pale juu ambapo bega linakutana na ugumu. Lakini kwanza angalia mto wako, kama ni mwembamba bega linabeba na kichwa, mto wa mlala ubavu unatakiwa kujaza nafasi yote toka sikioni mpaka kwenye godoro. Jaribu mto mnene siku mbili tatu kabla hujatoa hela.

Ikibaki, tafuta topa ya sentimita 5 mpaka 7 hivi. Chini ya hapo inakuwa kama blanketi, bega litaipita likagonge palepale, na ukienda kwenye 10 na kuendelea unazifunika springi ulizozilipia, unakuwa umelala juu ya sponji tu.

Sponji ya memori ilitokana na kazi iliyofanywa kwa ajili ya NASA miaka ya 1960, ilikuwa ya viti vya ndege. Inalainika kwa joto la mwili na kukushika umbo, kwa bega linalouma ni nzuri sana, shida ni kwamba inashika joto na kugeuka ndani yake ni kama kujitoa kwenye matope. Zile zilizotiwa jeli zinakuwa za baridi ukipanda, baada ya muda zinafuata joto lako. Kwa mtu wa joto kama wewe mimi ningekwenda kwenye lateksi, ile sponji ya mpira, inabonyea na kurudi hapohapo, ina vitundu hewa inapita, na inadumu. Ni nzito kweli, usijaribu kuibeba peke yako, na kama lateksi inakudhuru ngozi (watu wanaojikuna wakivaa glavu za mpira wanajijua) basi achana nayo. Sufu ni nzuri kwa kunyonya jasho lakini haitaokoa bega, baada ya muda inagandamana. Manyoya yatakupa ulaini wa siku moja, kila asubuhi unayakung'uta upya, kwa bega siyashauri.

Ukichagua sponji ya memori uliza uzito wake kwa mita ya ujazo. Kilo 50 na zaidi ndo inakaa, zilizo chini ya 40 zinalegea mapema mno utanikumbuka. Topa yoyote itachoka kabla ya godoro, hesabu miaka mitatu mpaka mitano, na hilo ndo zuri lake pia, unabadilisha ngozi bila kutupa mifupa. Iwe na mikanda ya pembeni ya kushika godoro isiwe inatembea, kava yenye zipu unayoivua ukafua, sponji yenyewe usiiloweke wala usiianike juani, jua linaila lateksi mpaka inavunjikavunjika. Ikija na harufu ya kiwandani ifungulie mahali penye hewa siku moja mbili kabla ya kutandika.

SWALI: Fundi, mtoto wangu ana miezi minne, godoro la kitanda chake naliona gumu jamani, namwonea huruma. Nimkatie kipande cha topa yetu nimwekee? – Mama Kitinda Mimba

JIBU: Hapana mama, tafadhali usimwekee. Mtoto mchanga anatakiwa kulala chali kwenye godoro gumu lililo bapa, shuka moja lililobana, bila topa bila mto bila vitu laini pembeni. Akigeuka uso ukazama kwenye kitu laini hana nguvu ya kujitoa na pumzi inaziba. Ule ugumu unaouonea huruma wewe yeye haumuumizi. Na hakikisha godoro linajaa kitanda chake, pasiwe na nafasi ya pembeni anayoweza kuingia.

SWALI: Shikamoo Fundi, godoro langu la springi limeanza kulia kila nikigeuka na lina mwaka mmoja tu. Ndo limeshakufa? – Kijana wa Chaga

JIBU: Marahaba kijana. Mara nyingi anayelia ni kitanda. Toa godoro, kitikise kitanda kitupu, utasikia mwenyewe. Kaza nati zote, chaga zinazosuguana na mbao weka kitambaa au kipande cha mpira chini yake. Halafu pima nafasi kati ya chaga na chaga, ikizidi sentimita 7 au 8 springi zinakuwa hazina pa kukanyaga na hapo ndo godoro jipya linaharibika, ongeza chaga. Ukirudisha godoro ligeuze kichwa kiende miguuni, na ufanye hivyo kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, baadaye hata mara mbili kwa mwaka inatosha. Juu chini usiligeuze mpaka uone kama lina sura mbili, mengi ya siku hizi upande wa chini hauna sponji, ukililalia utazihesabu springi moja moja kwa mbavu.

Kama kitanda kimenyamaza na godoro linalia peke yake hapo sakafuni, basi kuna waya umeachia ndani. Usilichane, mwaka mmoja bado uko ndani ya dhamana kwa magodoro mengi, tafuta risiti yako urudi nalo ulikolinunua.