Nilimhukumu kwa Mwili Wake Kabla ya Kuiona Kazi Yake

Assalaam alaykum, shangazi. Mimi ni fundi wa nguo za kike, nina duka langu la ushoni hapa Chake Chake. Baada ya Idi nilitafuta msichana wa kunisaidia, wakaja wawili, mmoja mnene na mwenzake wa mwili wa wastani. Yule mnene nilimuuliza kama ataweza kukaa kwenye cherehani siku nzima na kama hatochoka kupanda ngazi za stoo. Mwenzake sikumuuliza hayo. Nilimuuliza anajua kushona nini, na nikamchukua yeye. Juzi harusini nililishika gauni lililoshonwa vizuri mno, nikauliza fundi nani, nikaambiwa ni yule niliyemrudisha. Tangu hapo sina raha. Mama yangu mwenyewe ni mnene na hakuna nimpendaye kama yeye, kwa hiyo sijui haya nimeyatoa wapi. Nifanye nini?

Waalaykumu salaam, mwanangu. Sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe, nayo imo katika yale maswali mawili. Msichana mmoja aliulizwa juu ya mwili wake, mwenzake akaulizwa juu ya kazi yake. Sidhani kwamba ulikaa ukapanga kumdhulumu mtu. Maneno yalikutoka ukiamini kuwa ni uangalifu wa mwenye duka, na ndiyo maana dhana ya aina hii ni ngumu kuikamata, kwa kuwa humjia mtu kama busara, mara nyengine kama huruma, na mara nyengine kama mzaha wa kuchangamsha baraza. Mtu akitaka kuijua iliyomo ndani yake, asijiulize kama ana roho mbaya, maana karibu kila mmoja wetu atajijibu kuwa hana. Aangalie ni nani anamdai ushahidi na ni nani anamwamini bila ya ushahidi.

Mapenzi yako kwa mama yako ni ya kweli, lakini hayakukingi na jambo hili. Kwetu mwanamke aliyeongezeka mwili baada ya kuolewa huambiwa amependeza na kwamba mumewe anamtunza, kisha huyo huyo akiomba kazi huonekana mzito na mvivu. Aliyepungua naye hasalimiki, kwani badala ya kuulizwa habari za nyumbani huulizwa anaumwa nini, na akishapita watu huanza kumkisia maradhi. Umekulia humo, kama nilivyokulia mimi, na moyo unaweza kumpenda mama mnene huku jicho likimshuku mfanyakazi mnene bila ya mambo hayo mawili kukutana hata siku moja.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake walitoa jaribio linalopima kasi ya mtu katika kuoanisha makundi ya watu na maneno mazuri au mabaya, ili ijulikane mielekeo ambayo mtu haitaji au haijui, na baadaye jaribio la namna hiyo likatumika kwa uzito wa mwili. Tessa Charlesworth na Mahzarin Banaji walipitia majaribio zaidi ya milioni 4 ya miaka ya 2007 hadi 2016, yaliyofanywa na watu wa Marekani, na katika utafiti waliouchapisha 2019 walionesha kwamba dhana za ndani juu ya rangi ya watu zilikuwa zimepungua, ilhali zile za uzito zilikuwa zimeongezeka, ingawa watu walipoulizwa waziwazi walitoa majibu ya upole zaidi kuliko zamani. Wale si watu wa Pemba, na sikusudii kutuvisha matokeo yao. Ninachokichukua kwao ni kwamba ulimi unaweza kutengenea na ndani kukabaki vile vile, kwa hiyo usitosheke na kuacha kusema.

Mzizi wa dhana hii, kwa ninavyoona, ni imani kwamba kila mtu amejichagulia mwili alionao, na kwamba ukimwona mnene umeshaiona tabia yake. Mwaka 1986 ulichapishwa utafiti wa Denmark juu ya watu wazima 540 waliolelewa na wazazi wasiowazaa, na unene wao ulifanana na wa wazazi waliowazaa, si wa wazazi ambao walikula nao sahani moja tangu utotoni. Zipo pia dawa zinazoongeza mwili, kama steroidi, insulini na baadhi ya dawa za maradhi ya akili, na yapo maradhi ya tezi ambayo humkondesha mtu anayekula vizuri kabisa. Sikatai kwamba chakula na mazoezi vina sehemu yao. Lakini hata kama msichana yule angekuwa anakula sahani mbili za wali kila mchana, hilo lisingekwambia lolote juu ya mshono wake.

Kuna kisa ambacho wengi wetu tumekisikia chuoni. Sahaba Abdullah bin Masud alikuwa na miguu myembamba, na siku moja alipokuwa juu ya mti akichuma miswaki, upepo uliifunua na watu wakacheka. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwauliza wanachokicheka, na walipomjibu kuwa ni wembamba wa miundi yake, aliwaapia kwamba miundi ile ni mizito zaidi katika mizani kuliko mlima wa Uhud. Naomba ukumbuke kwamba waliocheka walikuwa watu wema.

Sasa nakuja kwenye duka lako. Usitegemee kujikaza moyo peke yake; utafiti mmoja wa 2016 ulijaribu njia 9 za kupunguza dhana za siri juu ya rangi, na ingawa zote zilionesha mabadiliko papo hapo, hakuna iliyodumu zaidi ya saa au siku chache. Badilisha utaratibu, ili dhana hata ikija isipate pa kuingilia. Siku ukitafuta msaidizi tena, andika maswali kabla hujamwona yeyote, na wote waulizwe hayo hayo, ikiwemo hilo la ngazi ikiwa ngazi kweli ni sehemu ya kazi. Kisha wape wote kazi moja: watie zipu, waunge mkono wa gauni, wapinde pindo la kitambaa laini kinachoteleza. Mtu mwengine azikusanye, azitie namba bila ya majina, nawe uzigeuze upande wa ndani na kuzitazama kama unavyotazama kazi ya fundi usiyemjua. Gauni la harusini uliliona hivyo, na ndipo jicho lako liliposema kweli.

Liko jambo jengine ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulipita, kwa sababu duka la fundi ni mahali ambapo mwili wa mwanamke hupimwa kila siku mbele za watu. Mteja akisimama na futi ikazungushwa kiunoni, isisikike sauti ya "Ee, mwaka huu umezidi!" wala "Mbona umekwisha hivi, una nini?" Mpime pembeni, andika namba daftarini bila ya kuitangaza, na kitambaa kikiwa kidogo mwambie, "Mshono huu unahitaji mita moja zaidi," basi. Mfanyakazi wako atajifunza hayo kwako, na kama una mtoto wa kike anayecheza chini ya meza ya kukatia, atakuwa ameyasikia kabla yake.

Ama msichana uliyemrudisha, usimwendee kumweleza kuwa ulimkataa kwa unene wake. Utakaporudi nyumbani utakuwa umepumua, naye atabaki na maneno hayo kifuani. Wala usimtoe uliyemchukua, kwani hana kosa. Kazi za Idi zikianza kujaa utahitaji mkono wa pili. Hapo mpelekee salamu kwamba uliiona kazi yake harusini ukaipenda, na umwalike aje ajaribiwe pamoja na wengine watakaokuja, kwa maswali yale yale na kitambaa kile kile. Na wote watakaofanya jaribio hilo walipe kazi yao ya siku ile, hata usiyemchukua.