Nairobi hadi New York: saa saba za kwenye tikiti ni saa 15 angani

Ndugu uliyeuliza kwa nini tikiti ya mama yako inaonyesha kwamba ataondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kutua New York saa 12:25 asubuhi, kana kwamba safari nzima ni ya saa saba, nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe, kwani njia hiyo nimeipita mara nne tangu safari za moja kwa moja zilipoanza Oktoba 2018.

Saa zinazoandikwa kwenye tikiti ni za mahali ndege ilipo. Mwezi wa Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, hivyo mama asipoigusa saa yake ya mkononi, wakati wa kutua itasoma saa 8:25 mchana, yaani amekaa angani saa 15 kamili. Wamarekani wakishasogeza saa zao mbele mwezi Machi, tofauti hubaki saa saba.

Umbali ni kama kilomita 11,800 kwa njia fupi kuliko zote, ile inayokata kaskazini-magharibi kupitia Sudan Kusini, Chad, jangwa la Algeria na Morocco kabla ya kuingia Atlantiki. Ukigawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa unapata saa 13, kama ulivyopata wewe, na hesabu yako haina kosa ila imeusahau upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha mita 10,000 hivi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi nguvu majira ya baridi. Usiku mmoja wa Januari nilikuwa nikitazama skrini iliyo mbele ya kiti changu: tulipoiacha pwani ya Morocco, mwendo ulishuka hadi kilomita 760 kwa saa, na chini yake pakaandikwa kwamba upepo wa mbele ni kilomita 140. Wiki tatu baadaye, nikirudi, namba ileile ilipita 1,000, nasi tukatua kabla ya saa 14 na nusu tulizoandikiwa.

Kwa kurudi, angalieni sana tarehe. Akiondoka New York Jumamosi saa 6:25 mchana, atafika Nairobi Jumapili saa 4:55 asubuhi. Kaka yangu aliwahi kunisubiri uwanjani siku nzima kabla ya siku yangu, na iliniuma sana.

Umesema pia kwamba mmepata tikiti ya bei nafuu zaidi ya kuunganisha ndege Ulaya. Mwaka 2016 nilisafiri hivyo, nikatumia saa 22, sita kati ya hizo nikiwa kwenye kiti cha chuma nikisubiri ndege ya pili. Kwa mama mwenye magoti yanayomsumbua, ningelipa hiyo ya moja kwa moja, nikamwombea mapema kiti cha kando ya ujia ili aweze kusimama na kutembea bila kumwamsha mtu.