Peptaidi, maji yake na joto la Kigoma: mi nilivyoharibu

Kichupa cha kwanza cha peptaidi (vipande vifupi vya protini, vinakuja kama unga mkavu) nilikiua mwenyewe. Kilitoka Dar kwa basi, nikakipokea stendi, mbio mpaka maabara, nikakitupia friza, kesho yake nikakitoa kikiwa bado kinatoa moshi wa baridi nikakifungua pale pale. Na hewa ya huku ziwani msimu wa mvua unaijua. Ule unga ulikuwa mwepesi kama pamba, ukanywea ukawa kama sukari iliyodondokewa na chai. Kumbe peptaidi kavu inavuta unyevu balaa, kikitoka friza kiache mezani kimefungwa hivyo hivyo, nusu saa mpaka saa nzima, baridi iishe ndo ufungue.

Kwenye kununua nako nilipigwa. Niliona cheti cha usafi kimeandikwa 98% nikafurahi, kumbe ile inahesabu peptaidi dhidi ya peptaidi nyingine chafu, chumvi na maji yaliyomo kwenye unga haiyagusi, kwa hiyo ukipima miligramu 5 unaweza kuta peptaidi yenyewe ni kama 4 au chini ya hapo. Muulize muuzaji kiasi halisi, na namba ya bechi kwenye cheti ifanane na ya kwenye lebo. Akikutumia cheti kile kile kwa bidhaa tatu tofauti, mkimbie.

Sasa maji ya kuyeyushia huo unga. Haya ya baktiriostatiki ni maji tasa yaliyotiwa benzili alkoholi 0.9%, kazi yake ni kuzuia baktiria wasizaliane, sio kusafisha uchafu ulioingiza wewe na sindano yako. Futa kizibo na spiriti kila mara, siku unayochoma mara ya kwanza andika tarehe na maka peni, zikifika siku 28 tupa hata kama imebaki nusu chupa (inauma, najua). Kama unafanyia kazi seli hai usiyatumie kabisa, ile alkoholi inazidhuru afu utalaumu peptaidi. Maji yapitishe ukutani mwa kichupa taratibu, zungusha, usitikise kama unachanganya uji.

Afu kuna dada wa saluni huku Mwanga kaniomba, eti kaka nipatie ile ya kukata tumbo. Dada'angu, hii imeandikwa ya utafiti tu, haijapita TMDA, wale wa mamlaka ya dawa, na cheti cha usafi hakipimi sumu za baktiria, nenda kwa daktari. Hata hayo maji yenyewe sio ya kuchezea, 1982 Marekani walitoa onyo yasitumike kwa vichanga baada ya watoto njiti kufa kwa hiyo hiyo benzili alkoholi.

Ukishayeyusha gawa kwenye vichupa vidogo vidogo, nyuzi 20 chini ya sifuri, unatoa kimoja unakimaliza, maana kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaiua kimya kimya. Na umeme wetu huu, gandisha kikombe cha maji humo ndani ya friza uweke sarafu ya mia mbili juu ya barafu. Mi nilienda Ujiji msibani siku mbili, narudi taa ya friza inawaka vizuri tu, kila kitu kimeganda, ila sarafu iko chini kabisa ya kikombe, yaani umeme ulikatika barafu ikayeyuka, sarafu ikazama, afu ikaganda tena. Nikatupa vichupa vyote 11.